Shingo ya Nyati kwa Baba Mkwe

Mimi sina dogo, na nyumba hii nzima inajua. Mpangaji akimwaga maji machafu uani nitamsema, akinuna nitamsema na kwa huko kununa. Kwa hiyo ukiona mtu amekaa kwangu miaka yote hii na sijampandishia sauti, ujue mtu huyo ana kitu. Naye ni Euphrasia, wa chumba cha tatu mkono wa kushoto. Nataka kumsimulia leo, maana Jumapili iliyopita nilipayuka mbele ya baba mkwe wake, na tangu hapo mtaani kila mtu ana lake. Bora walisikie kwangu, mimi niliyekuwepo.

Nyumba yetu iko Ilala, marehemu mama aliniachia. Vyumba sita vinatazamana kwenye korido, nyuma kuna uani, na uani ndiko tunakopikia wote. Asubuhi naenda Kariakoo, nauza viungo: binzari, iliki, pilipili manga, mdalasini, vyote hivyo nawapimia watu kwa mizani ya kunyanyua. Euphrasia naye anashona sare za shule kwenye baraza ya duka la vitambaa, Mtaa wa Mkunguni. Ukipita mwezi wa Januari utamkuta amezama kwenye kaptula za bluu, kinyang'anyiro cha wazazi kimemzunguka, na yeye anapima mtoto mmoja mmoja bila kukunja uso. Mimi ningekuwa nimeshapigana na mtu.

Ni Mngoni wa vijiji vya kule nyuma ya Songea, Mkatoliki wa kuzaliwa. Ushonaji alifundishwa na masista, akaja mjini kwa shangazi yake, shangazi akafariki, akabaki na cherehani. Huyo mume wake, Hafidhi, ni fundi mizani. Anazunguka sokoni na bisibisi yake mfukoni, mizani ikidanganya anaisemesha ukweli. Sasa bisibisi inatoboa mfuko, na mfuko ukitoboka unahitaji fundi cherehani. Mwanzoni nilidhani ni bahati mbaya. Suruali ilipofika mara ya nne kwa tundu lile lile nikamwambia, kijana, hilo tundu unalichimba mwenyewe, sema shida yako.

Walifunga ndoa bomani, kila mtu akabaki na dini yake. Watu walisema sana, na wengine walikuja kunisema mimi, eti nimefuga mambo hayo nyumbani kwangu. Niliwajibu, hawajarudi. Nimekaa nao ukuta kwa ukuta na ninachokijua ni hiki: Ramadhani Euphrasia anaamka daku kumpikia mumewe kabla mimi ninayefunga sijafumbua jicho, na Jumapili Hafidhi ndiye anayempigia pasi gauni la kwenda misa. Euphrasia nyama hanunui ila kwa mchinjaji Mwislamu, toka siku ya kwanza, na hakuna aliyemwambia.

Mtoto wao, Zamda, nilimpokea mimi. Ilikuwa masika, Msimbazi umefurika, hakuna gari lililokubali kupita, uchungu ukamkamata kwenye korido. Nikatandika kanga chini, nikamshika. Mimi si mkunga, niliyajua mawili matatu ya kuyaona kwa bibi yangu, basi. Mtoto akatoka akilia vizuri, na mimi nikakaa palepale sakafuni nikilia zaidi yake. Wakampa jina la marehemu mama yake Hafidhi.

Sasa baba mkwe. Mzee Abdulatif anakaa Liwale. Ujana wake wote aliumaliza porini, kwenye kambi za wawindaji wenye vibali. Yeye hakuwa na bunduki, yeye alikuwa na kisu. Mwindaji akishapiga, Abdulatif anakimbia, na anatakiwa amfikie mnyama kabla hajakata roho, amchinje kwa jina la Mungu, ili kambi nzima ile chungu kimoja, Mwislamu na Mkristo. Anasema mbogo aliyejeruhiwa akikutazama unajutia siku uliyozaliwa, lakini utafanyaje, ukichelewa nusu ya kambi inalala na ugali mkavu. Kwa kazi hiyo haki yake ilikuwa shingo. Minofu wanachukua wengine, shingo ya mnyama ni ya mchinjaji. Hafidhi alifiwa na mama akiwa mdogo, akaletwa huku kulelewa na mama mdogo wake, naye sasa hayupo tena. Kitu pekee anachokikumbuka cha Liwale ni baba yake kurudi kutoka kambini na shingo iliyokaushwa kwa moshi, imefungwa kwenye majani, na mama yake kuipika kutwa nzima.

Huyu mzee tangu mwanawe aoe hajala kwa Euphrasia, hata tonge moja. Kila akija mjini analala Buguruni kwa mpwa wake, mchana anakuja kushinda hapa. Euphrasia atapika. Ataandaa mkeka, atanawisha mikono, ataweka sahani. Mzee atanywa maji, atasema ameshiba, atamsogezea Zamda sahani. Basi. Na hamwiti kwa jina. Akitaka kitu atamwambia Hafidhi, mwambie mama Zamda aniletee maji, na mama Zamda yupo hapo hapo, mkono ukinyooshwa anaguswa. Maana Euphrasia haondoki. Anakaa pembeni ya mkeka na jagi la maji mapajani, anamtazama mkwewe kwa heshima zote, anasubiri aone kama leo atakula.

Amempikia pilau. Amempikia kuku wa kienyeji, nimemchinjisha mimi mwenyewe kwa imamu wa mtaa. Nikamwambia basi jaribu samaki, maana samaki hachinjwi na mtu, hapo hana pa kushika. Akapika changu wa nazi, harufu ikafika barabarani, wapita njia wakachungulia. Mzee akanywa maji. Siku ile nilijua kwamba si suala la nyama. Nikasema moyoni, huyu anamkinai mtu, hakinai chakula.

Hafidhi ukimuuliza atainua mabega, baba ndivyo alivyo. Wanaume bwana.

Mwaka huu mzee alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Wakamtoa vizuri, wakambandika kitambaa, akaambiwa baada ya wiki chache arudi kwao. Akamwambia mwanawe kwamba hii ndiyo safari ya mwisho, mwili umechoka, basi la Liwale linamvunja mifupa, atakayetaka kumwona atamfuata huko. Anaondoka Jumatatu. Jumapili angekuja kuaga.

Ijumaa Euphrasia akaja kwenye meza yangu sokoni, na si kawaida yake kuacha cherehani saa za kazi. Akaniuliza nyama ya nyati inataka viungo gani. Nikamwambia nyati gani, wewe mwanamke, unataka kufungwa? Maana zamani nyamapori ilikuwa ya kunong'onezwa, mtu anakuuzia huku anatazama nyuma. Akacheka kidogo. Siku hizi kuna mabucha yenye kibali, akasema, na ameshaongea na mmoja anaitwa Samson, amemwomba amwekee shingo. Ndipo macho yakamjaa.

"Bi Zena, akiondoka bila kula, mimi nitabaki nikijua kuna mtu anaona mikono yangu ni najisi. Na damu yake iko kwa mwanangu."

Nilimwita jirani aniangalizie meza, nikachukua mkoba, tukaenda wote.

Bucha lenyewe safi kuliko nilivyodhani. Vigae vyeupe, kibali kimetundikwa ukutani, na kibao kingine kimeandikwa halali. Kibao hakikunitosha. Nilimbana Samson anitajie nani amechinja, wapi, na kama mnyama alikuwa hai. Yule kijana alitokwa na jasho. Akapiga simu kambini, nikaongea na mchinjaji mwenyewe, nikamuuliza mpaka akaniuliza kama mimi ni askari. Nikaridhika. Samson akashangaa tunataka shingo wakati ana minofu laini, wateja wake wa mjini wanaogopa mifupa. Akaikata kwa msumeno, vipande vinene vya mviringo, mfupa katikati. Akatupa risiti na kutuonya tusiitupe mpaka nyama imefika chunguni, maana nyama hii ukikutwa nayo bila karatasi huna pa kusemea.

Nyati ni mgumu, jamani. Ukimpika kama ng'ombe atakuaibisha. Jumamosi jioni Euphrasia aliipaka ile nyama papai bichi lililosagwa, tangawizi, kitunguu swaumu na ndimu, akaifunika. Mimi nilimpondea pilipili manga, karafuu kidogo na mdalasini, akanikataza nisizidishe, akasema harufu ya nyama yenyewe isipotee. Hapo ndipo nilipojua kuwa ameshawaza jambo hili muda mrefu.

Jumapili alienda misa ya kwanza, akarudi, akavua viatu vya misa akaingia uani. Nilimpa sufuria langu kubwa la shughuli, lile lenye kitako kizito, na nilimpa kwa makusudi, ili mtu asije akasingizia chombo. Alikaanga vipande mpaka vikabadilika rangi pande zote, akavitoa. Kwenye mafuta yaleyale akatia vitunguu vingi, nyanya, viungo, vikaiva mpaka mafuta yakaelea. Nyama ikarudi, maji kidogo, ikachemka taratibu asubuhi nzima. Ilipoanza kuachia mfupa akaanza kuipanga upya. Chini nyama, juu yake viazi, juu ya viazi ndizi mbichi, kisha karoti, kisha nyanya chungu, akarudia tena. Nazi alikuna mwenyewe, hakutaka ya kopo. Tui zito akalimwaga juu ya vyote, akafunika, akapunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya mfuniko, hivyo tunavyopalia wali. Chakula kikawa kinaiva toka juu na toka chini, tui likakauka likafanya ngozi ya rangi ya kahawia. Wapangaji wote walikuwa na shughuli uani siku hiyo. Mtu anafua nguo safi.

Niliionja mimi, maana yeye alisema ulimi wake haufanyi kazi kwa wasiwasi. Chumvi ilikuwa mahali pake. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Mzee Abdulatif akafika na mpwa wake baada ya adhuhuri, kanzu safi, jicho moja limefunikwa. Euphrasia akapiga magoti, shikamoo baba. Mzee akaitika marahaba akiutazama ukuta. Mkeka ulikuwa umetandikwa chumbani kwao, mlango wazi kwa ajili ya hewa. Nilialikwa, na kama nisingealikwa ningeingia.

Sufuria likaletwa zima, likafunuliwa pale pale. Mzee akainama. Alikitambua kile kipande kabla hata hakijafika kwenye sahani, niliona pua yake. Hafidhi akamwambia, baba, hii ni shingo ya mbogo, mwenzangu ameitafuta kwa ajili yako. Euphrasia akampakulia vipande viwili vikubwa na viazi vyake na ndizi zake, akaweka sahani mbele yake kwa mikono miwili. Kisha akakaa pembeni ya mkeka, jagi mapajani.

Tukasema bismillahi. Tukaanza. Zamda alikuwa ameshafika kwenye mfupa. Mzee akaitazama sahani muda mrefu sana. Akameza mate. Kisha akachukua glasi, akanywa maji.

"Nimeshiba," akasema. "Mpeni mjukuu."

Nilimtazama Euphrasia. Aliweka jagi chini polepole na kuanza kujifuta mikono kwenye kanga, anajifuta tu, mikono ambayo ilikuwa mikavu. Hapo mimi nilichemka. Sikuweza, wallahi sikuweza.

"Mzee Abdulatif," nikamwambia, "mimi ni Mwislamu mwenzio. Nimekula chakula cha huyu binti miaka saba na swala zangu nasali. Aliyechinja nimeongea naye kwa mdomo wangu. Sufuria ni langu. Sasa tuambie leo kabla hujapanda basi, kinachokukwaza ni nini kama si yeye mwenyewe?"

Hafidhi aliniita kwa sauti ya kunikanya, nikamwambia akae hivyo hivyo. Yule mpwa wa Buguruni akaangalia miguu yake. Mzee alikuwa anatetemeka kidevu, na mimi nikadhani ni hasira, nikajiweka tayari.

"Nakwazwa mimi?" akasema. "Mimi ndiye nisiyetakiwa humu. Miaka yote nasubiri nifunguliwe, hakuna anayenifungua. Nikasema basi, mtoto wa mjini na mke msomi, wamemdharau mzee wa porini. Nikanywa maji yao nikaenda."

Hatukumwelewa. Ikabidi mpwa wake aeleze, kwa aibu, kwa vipande vipande, na mzee akimsahihisha. Katika ukoo wao baba mkwe hatafuni mbele ya mke wa mwanawe, wala hamwiti jina, mpaka siku atakapofunguliwa. Kutafuna mbele yake kabla ya siku hiyo ni aibu kwa wote wawili, ni kama kumwona binti huyo si wa kuheshimiwa. Kumfungua si kazi kubwa. Mwanamke wa upande wa bibi harusi analeta chakula, bibi harusi anapiga magoti, anampa mkwewe kipande cha kwanza kwa mkono wake, mzee anapokea anakula. Imeisha. Anayemwelekeza bibi harusi ni mama mkwe, au mama wadogo. Baba mwenyewe hasemi, maana kusema ni kujiombea heshima.

Na mama mkwe alishakufa Hafidhi akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Na mama mdogo alishamfuata. Nani angesema?

Nikamuuliza yule mpwa, na wewe je, mdomo wako ulikuwa na nini? Akasema kwake walishamfungua mzee zamani, na hapa alidhani wameshafanya, ila mzee ana hasira zake nyingine. Kuna watu wa kuwaacha.

"Kila siku najiambia, atatoka kidogo nile," mzee akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Akitoka tu, nakula. Samaki wa nazi yule nilimwota Liwale. Hatoki. Anakaa hapo na jagi, ananitazama."

Sote tukamgeukia Euphrasia. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kwao ukimwandalia baba mkwe chakula unakaa naye mpaka amalize. Ukitoka ukamwacha, umemwambia aondoke.

Loh. Kumbe heshima ndiyo iliyokuwa inamnyima mtu chakula. Mimi kicheko kilinitoka, si cha furaha, kilinitoka tu, na Hafidhi akaficha uso kwenye viganja vyake. Anasawazisha mizani ya soko zima, na hii ya nyumbani kwake hakuiona.

Euphrasia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Akauliza kama inawezekana sasa, leo, kabla chakula hakijapoa. Hakumuuliza Hafidhi wala mpwa, aliuliza akimwelekea mzee, ingawa macho alikuwa ameyashusha. Mzee akatafakari. Akamwambia mwanawe, mwambie mama Zamda inawezekana, ila awepo mwanamke wa upande wake. Mama yake yuko Songea. Shangazi amezikwa. Upande wake ni nani hapa?

Nikasema, "Mimi."

Mzee akanitazama kwa lile jicho moja. Akasema Mzaramo kama wewe na Mngoni wapi na wapi, na isitoshe wewe ni mwenye nyumba, huyu ni mpangaji wako.

"Mzee, huyu mjukuu wako alizaliwa kwenye korido hiyo hapo, nimempokea kwa mikono hii. Kama huyo si upande wangu, niambie upande wangu ni upi."

Mzee alimtazama Zamda, mtoto mwenye jina la mkewe, mdomo mzima mafuta ya nyati. Kisha akajiweka sawa, akavuta kanzu ikafunika magoti, akakunja miguu vizuri.

Nilitoka na ile sahani mpaka uani, maana jambo likifanywa lifanywe. Nikajifunga kanga upya. Nikairudisha sahani ndani kama mama wa binti anavyoleta, taratibu, nikampa Euphrasia. Akapiga magoti. Akachambua kipande cha shingo pale kilipokuwa kinaachia mfupa, akakiweka kwenye kiganja cha kulia, kiganja cha kushoto chini yake, akamnyooshea mkwewe. Mchuzi ukadondoka kwenye mkeka. Mzee akapokea. Akageuka pembeni kidogo kwa kile kipande cha kwanza, kama alivyotakiwa, akatia mdomoni, akafumba jicho.

Akatafuna. Meno yenyewe si mengi, alitafuna muda mrefu, na sisi hatukugusa chakula, tulikuwa tunamtazama tu. Akameza. Akageuka akakaa mbele yetu, akavuta sahani, akala. Viazi alikula, ndizi alikula, ule mfupa wa shingo aliunyanyua akaupiga kwenye kiganja, uboho ukatoka, akala. Hafidhi alikuwa analia waziwazi huku anakula, na hakujifuta.

Katikati ya kula mzee akasimamisha mkono.

"Efurasia," akasema. Jina lenyewe lilimshinda, alilikata linakoweza kukatika. "Chumvi haijakolea. Niletee chumvi."

Euphrasia akanyanyuka akatoka. Tukasubiri. Hakurudi. Nikamfuata, nikamkuta uani amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kikopo cha chumvi mkononi, analia kwa sauti, na wapangaji wameacha kufua wanamtazama. Sikumwambia kitu. Nilichukua kikopo nikakipeleka mwenyewe, nikamwekea mzee mbele yake.

Mzee hakukigusa. Alikisogeza kwa kidole kikarudi upande wangu.

"Sikukutuma wewe," akasema. "Nimemtuma mwanangu."

Nikarudi na kikopo changu uani. Nikamwambia Euphrasia ajifute uso, anaitwa.